Ngamia Dume Hakamuliwi

Bismillahi. Nisogezeeni mto huu kidogo niinue kichwa, kisha mkae karibu, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo ni ya kusemea watu wa ndani ya nyumba, si ya kuitia ngamia. Dagane, wewe mkubwa wao, kaa hapa kuliani kwangu, na usikunje uso. Bado sijasema la kukuudhi, ingawa nitalisema. Arbia, hooyo, mama yangu wewe, maana kwetu mama na mwana huitana jina moja, kaa pale ninapoweza kukushika mkono. Na wewe Kanana, binti ya watu, usisimame mlangoni kama mgeni. Kwa ajili yako nasema Kiswahili leo, hiki Kiswahili changu cha kuuzia maziwa kwenye ofisi za serikali, ili usikie kila neno na ushuhudie. Na wanangu hawa wanakijua, hakuna atakayesema kesho kwamba hakuelewa.

Mnalisikia lori? Lile linalonguruma langoni, nje ya seng'enge, ni la msafara wa Nairobi, na asubuhi hii, askari wakishamaliza kuangalia pasi za watu, litavuka daraja la Tana. Nataka Arbia awemo. Hilo ndilo neno langu la kwanza na la mwisho, na yote nitakayosema katikati ni njia ya kulifikia, kwa hiyo msinikatize.

Kuhusu mali sina maneno mengi. Mbuzi wangu, ngamia waliosalia baada ya vita hivi kuwala wenzao, na nyumba hii ya mikeka niliyoisuka na kuisimamisha kwa mikono yangu, sheikh atavigawa kama Kitabu kinavyosema, mwanamume fungu lake na mwanamke fungu lake, na atakayeongeza neno hapo atakuwa anagombana na Mungu, si na mimi. Mkeka ule uliokunjwa pembeni, wenye pindo jekundu, hauingii katika mafungu; huo ni wa Kanana, na mtaona kwa nini ameustahili. Na ile zamu ya kunywesha katika kisima cha baba yangu kule Buna, ambayo mimi na ndugu yangu Issack tuliachiwa, tumekubaliana naye kwamba tangu sasa tutaigawana na nyumba ya Hawo. Ndiyo, Hawo huyo huyo. Dagane, nimekwambia usikunje uso.

Ninyi mmeikuta chuki hii imekwisha pikwa na kupakuliwa, mkaila bila kuuliza nani aliyeiweka jikoni. Basi sikilizeni. Mama yangu Saado alikuwa mwanamke mkali, na ukali wangu mnaoulalamikia nimeutoa kwake. Mwaka mmoja wa ukame, nami ni msichana wa kuchunga kondoo, mama alikuwa akisimamia kile kisima, akaja Hawo, mke mdogo aliyeolewa juzi tu, mgongoni ana mtoto mchanga na mkononi ana kibuyu kitupu. Haikuwa zamu ya watu wake, na mama akamfukuza. Hawo hakupiga kelele. Alilitoa titi lake lililonyauka kwa kiu, akalishika mbele ya watu wote, akasema, "Saado, mwanangu akikosa maziwa kwa ajili yako, Mungu na ayatazame maziwa yako." Kisha akajiendea. Haikupita misimu mingi, mama akaota uvimbe kwenye titi, ukawa kidonda, kidonda kikamla mpaka mbavuni, tukamzika.

Baba akasema hii ni laana ya Hawo, na neno la baba halikuwa na wa kulijibu. Tangu siku hiyo nyumba yetu na nyumba yake hatukuoana, hatukupeana salamu, hatukunywesha pamoja. Dada yangu mkubwa alipokufa kwa kidonda kile kile, chuki ikaota mzizi wa pili. Na yule mtoto wa mgongoni aliishi, alhamdulillahi, akawa mtu mzima, naye ni Kerrow, dereva wa lori hilo mnalolisikia. Najua, Dagane. Najua unavyosema na wenzako, kwamba afadhali dada yako afie nyumbani kuliko kupanda gari la mtoto wa mwanamke aliyetumaliza. Hayo ndiyo maneno niliyoamka nayo leo niyang'oe, na kama Mungu akinipa pumzi nitayang'oa na mizizi yake.

Vita vilipotukusanya hapa ndani ya seng'enge, watu wa Buna, wa Bute, wa Rhamu na sisi tuliohamia hapa Garissa zamani, kila mmoja alikuwa na la kulilia, na sitawaambia kwamba kulikuwa na jema ndani yake. Wanaume wengine wako porini na bunduki, wengine wako barazani na kofia, na sisi wanawake tuko katikati na masufuria. Lakini Mungu hafungi milango yote kwa mpigo. Kwa kuwa tulirundikwa pamoja, wanawake ambao hawangekutana mpaka kiama wakajikuta wanachota maji kwenye bomba moja. Ndipo mwaka jana akaja Kanana.

Alikuja ametumwa kutoka Kenya, kama tunavyozoea kusema, kana kwamba hapa tulipo si Kenya. Msichana wa Kimeru, kilemba cheupe, viatu visivyofaa mchanga. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maziwa kila asubuhi, na nilipomwuliza anatibu nini, akanijibu kwamba hatibu chochote, anahesabu magonjwa. Nikacheka hadi nikamwaga maziwa yake. Nikamwambia, binti yangu, sisi tuna magonjwa bila ya kuhesabiwa, ukituhesabia si yatazidi? Naye akacheka, lakini akaniambia kitu ambacho sikukicheka. Alisema kansa ya titi, mahali pengine, huzipita nyumba nyingi na kurudi rudi katika nyumba moja, na kwamba yeye alitaka kujua kama hapa kwetu ni hivyo, na kama ni hivyo, inapitia wapi. "Ukiijua njia yake," alisema, "unaweza kuisubiri njiani kabla haijafika." Wakati ule, wanangu, mimi nilikuwa na hiki kidonda tayari, nimekifunika kwa kanga tatu. Mwilini mwangu ilikuwa imekwisha fika na kukaa.

Basi akaanza kuuliza koo za watu. Subhanallah! Katika vita, nani anayeuliza ukoo wa mtu ila yule anayetafuta mtoto wa nani yuko porini? Wazee wakamfungia midomo. Lakini mwawajua baba zenu. Mwanamume wa Kisomali ukimwomba abtirsi yake, baba wa baba wa baba mpaka kwa yule wa kwanza, atakunyima siku ya kwanza, siku ya pili atajikuna, siku ya tatu atakuita mwenyewe, maana hawezi kuvumilia kuona jirani yake ametajwa na yeye hajatajwa. Kanana akawaapia kwamba katika kazi yake jina halitatokea mahali popote, kila mtu atakuwa nambari tu, na kweli, sikuona askari hata mmoja akija kwa sababu yake. Wakamtajia. Wakamtajia mpaka akachoka mkono.

Kisha asubuhi moja nikamkuta macho mekundu. "Mama Nafiso," akaniambia, "sina kitu." Alikuwa amepanga wagonjwa wote, walio hai na waliokufa, kwa koo za baba zao, na hawakupangika. Mmoja ukoo huu, mmoja ule, wawili kule, hawafuatani. Kwa hesabu ile ugonjwa ulikuwa unaanguka popote, na wazee wakasema, si tulimwambia, hii ni kazi ya kijicho na laana.

Hilo lilikuwa kosa letu, kosa la watu wa hapa. Mtoto wetu hata meno hayajamtoka ya pili anakutajia baba zake mpaka pumzi inamkwisha, na hapo bibi zake wanapiga vigelegele. Ukimwuliza mama wa mama yake anaitwa nani, anakutumbulia macho. Hatukumficha Kanana kitu. Tulimpa kila tulichofundishwa kukumbuka, na nusu yetu haikuwamo.

Nilimwambia apumzike, aje akae nasi kwenye kusuka. Akaja, akakaa mkekani kama alivyokaa sasa, akitazama vidole. Baada ya muda akauliza kwa nini mkeka wangu na wa mama mmoja kutoka Bute, mwanamke tusiyehusiana naye kwa ukoo wowote, imeishia kwa pindo la namna moja, lile la kurudisha ukindu nyuma mara mbili na kuufungia ndani. Kikongwe mmoja aliyekuwa nasi, hata kuona haoni, akalipapasa na kusema, "Huu mkono wa Dahabo." Dahabo ni mama yake mama yangu. Binti husuka kama mama yake alivyomshika vidole, ndivyo ilivyo kwetu. Yule mama wa Bute bibi yake alikuwa dada yake bibi yangu, na hapakuwa na mwanamume hata mmoja aliyelijua hilo. Na yeye naye alikuwa na kidonda.

Kanana aliligeuza geuza lile pindo, nikadhani amekasirika. Kumbe ndio alikuwa amepata pa kuanzia. Akasema anataka wanawake wote wenye pindo lile, si wagonjwa tu, na wazima pia, kwa sababu ukihesabu waliotumbukia kisimani bila kuhesabu waliopita salama, huwezi kujua kama kisima kibaya. Hapo tukagombana kweli. Kwetu mtu hahesabu watoto, hahesabu ngamia, hasemi kwa kinywa "wako hivi," maana hesabu huita husda, na mwenye binti wazima atakubalije kuwapanga foleni? Siku kadhaa hakuna aliyekuja. Basi nikawaambia wanawake: hamtahesabiwa, mtasuka. Kila mmoja asuke kipande cha pindo alivyofundishwa na mamaye, akilete, aeleze ni mkono wa nani. Wakaja wote! Walikuja hata wasioitwa, kwa kuoneana wivu wa ufundi. Hesabu Kanana akaenda kuifanya mwenyewe nyumbani kwake, mlango ameufunga, na husda haikupata pa kuingilia.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo laana ilipofia. Katika wanawake wa mkono wa Dahabo, ugonjwa ulikuwa mwingi kuliko kwa wengine wote, si kwa kila mmoja, lakini mwingi, na ulianza mapema, wakiwa na watoto wadogo. Kanana hakushangilia. Alisema, "Pindo si damu. Huenda ni chakula chenu, huenda ni moshi wa jiko lenu." Akawatafuta wale mayatima ambao mama Saado aliwalea, waliokula chungu kimoja nasi na kusuka pindo letu lakini hawakuzaliwa nasi. Wote wamezeeka wakiwa wazima. Laana iliyotupwa juu ya nyumba ingewaruka vipi wale waliolala ndani yake? Tena yule kikongwe akasema jambo ambalo wanawake walilinong'ona na wanaume hawakuambiwa kamwe: Dahabo mwenyewe alikufa kwa kidonda cha titi. Alikufa Hawo hajazaliwa. Mnanisikia? Ugonjwa ulikuwa nyumbani mwetu umekaa kitako kabla ya mama yake Hawo kuolewa. Ile siku ya kisima Hawo alikuwa mtoto wa watu mwenye kiu, akasema neno la mwenye kiu, nasi tukamtwika makaburi yetu yote. Na Waswahili husema dua la kuku halimpati mwewe. Sisi tukaona afadhali kumfanya kuku mchawi kuliko kuuliza mwewe alitoka wapi.

Nipe maji kidogo, hooyo. Yanatosha.

Nilifikiri basi imekwisha, ni jambo la mama na binti, wanaume wamo salama. Ndipo akaja Fatumo, binti wa ndugu yangu Issack. Fatumo alizaliwa Rhamu na mama wa huko huko, hakuwahi kuishi nasi, hata kusuka hajui, mashamba ya mtoni yamemfanya mkulima. Naye alikuwa na uvimbe. Wazee wakasema, haya, hesabu ya Kanana imeanguka. Lakini Kanana akamtazama Issack ndugu yangu, yuko mzima, hana hata kikohozi, akasema, "Umepitia kwake."

Dagane, sasa nakusemesha wewe, na usiangalie mlango. Wewe ni mchungaji, mtoto wa wachungaji, na vita havijakutoa hilo. Tunapotaka ngamia dume wa kupandisha kundi, tunamwuliza mwenyewe nini? Tunaulizia nundu yake? Tunaulizia mbio zake? Tunauliza mama yake alijaza vibuyu vingapi. Ngamia dume hakamuliwi, wala hatakamuliwa mpaka aende machinjioni, lakini maziwa ya mama yake anayo ndani yake, na atawapa binti zake. Jambo hilo ulinifundisha wewe mwenyewe ulipomkataa yule dume mzuri wa kuangalia, ukasema mama yake alikuwa mkavu. Basi kama unalijua kwa ngamia, kwa nini hulijui kwako? Nilichopewa na Saado, mimi nilikuwa naweza kukupa. Huenda nimekupa, huenda sikukupa, ni kama kurusha sarafu, Kanana anasema, na hakuna anayeweza leo kuitazama ilivyoanguka. Wewe hakitakuuma. Lakini una binti, na umempa jina la mama yangu. Huyo Saado mdogo anayecheza nje na ndama za matope, siku atakayokuwa mwanamke, wewe baba yake usione haya kumwambia mama yake amtazame, na ukiona haya basi kumbuka kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kifo humuumbua. Usije ukasema hili ni la wanawake. Ni lako.

Wala sitaki mwogope. Kanana alipokuja kuniambia matokeo yake nilidhani ananisomea hukumu, nikamwuliza, kwa hiyo binti zangu watakufa? Akanishika mkono. Alisema kujua kwamba mvua inanyesha zaidi upande huu si kujua nani atalowa; maana yake ni kwamba wa upande huu wajenge paa mapema. Wengi wa mkono wa Dahabo ni wazima na watakufa wazee. Na mwenye kupatikana mapema, kinundu kikiwa kidogo bado, hukatwa, naye huishi. Sikuamini kwa kuambiwa. Nimeamini kwa kuona. Fatumo alikwenda Nairobi mwaka jana, barabara ikiwa mbaya kuliko sasa, wakamkata titi moja, na mwezi mtukufu uliopita alikuja kunisalimia hapa ana mtoto kifuani anamnyonyesha lile lililobaki, na mtoto ni mnene kama mganda wa mahindi ya baba yake. Fatumo hakunificha kovu. Alinifunulia, nikalipapasa, nikalibusu. Nililia, wanangu, na sikulia kwa huzuni.

Arbia. Nipe mkono. Ulidhani sikuona? Ulipokuwa ukininywesha uji nikauona mkono wako wa kushoto unakaa mbali na ubavu, kama wangu ulivyoanza, nikajua. Ulinificha kwa sababu mama anakufa na hukutaka kumwongezea. Hooyo wangu, mama hazidiwi na mzigo wa mwanawe. Kanana amekipapasa, na daktari wa hapa amekipapasa, wote wamesema ni kidogo, bado kinateleza chini ya kidole, hakijashika. Kukata wanakatia Nairobi. Mumeo Barre amekubali, na kwa hilo nimemsamehe ubahili wake wote. Kanana atapanda nawe, atakaa nawe, ana dada yake huko atakayekulaza. Kilichobaki ni vitu viwili tu: kaka yako kukataa lori, na wewe kukataa kuniacha.

Kwanza lori. Dagane, katika msafara huu dereva mmoja tu ndiye aliyekubali kumbeba mgonjwa kiti cha mbele, bila kuuliza ukoo wala kabila wala habari za kisima, naye ni Kerrow. Mtoto aliyenyimwa maji na nyumba yetu amekubali kumbeba mtoto wa nyumba yetu. Ukiendelea kukunja uso baada ya hapo, mwanangu, sura itakuganda hivyo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na adui tuliyemrithi bila kumchunguza tunaweza kumrudisha bila kuona haya. Redioni wanasema suluhu inazungumzwa, wakubwa watakaa, bunduki zitateremshwa. Inshallah. Lakini suluhu ya wakubwa itafaa nini kama sisi wa kisima kimoja hatujapatana? Wewe mwenyewe utamshika Arbia mkono mpaka kwenye lori, na utamsalimu Kerrow, na utamwita ndugu. Nataka nilisikie kutoka hapa.

Naam. Nimekuona umeinamisha kichwa. Hiyo inanitosha. Mwenyezi Mungu akupe binti wengi na maziwa mengi.

Sasa wewe, Arbia. Najua unalofikiri. Binti ndiye anayemwosha mama yake, na wewe ukiwa njiani nami nikaondoka, nani atanigeuza, nani atanifunga nywele, nani atanivika sanda? Nimeshaliweka sawa. Nimempata mtu. Hawo ndiye atakayeniosha. Shh. Msinipigie kelele, sina nguvu ya kuzizidi. Nilimwita wiki iliyopita mlipokwenda kuchota maji, akaja, akasimama hapo mlangoni hakutaka kuingia, miaka yote hiyo hajawahi kuvuka kizingiti chetu. Nikamwambia habari ya Dahabo. Nikamwambia, dada, haukuwa wewe. Aliketi chini mchangani pale pale. Akaniambia tangu siku ile ya kisima hakulala usingizi mzima, kwa sababu na yeye aliamini kwamba ni yeye. Mmeyasikia? Sisi tulikuwa tunamchukia, na yeye alikuwa anajichukia, na hesabu ya msichana wa Kimeru ikatufungua sote wawili. Nikamwomba anioshe. Akasema atakuja, na asubuhi hii atakuja. Kwa hiyo, hooyo, usingoje kunizika. Ukinizika mimi na kujichelewesha wewe, utakuwa umewazika wawili. Nenda ukiwa na mama hai, ili urudi uwe mama hai.

Kanana, binti yangu, mkeka ule chukua. Hilo pindo ni la mama zangu, na ndilo lililoongea tulipokuwa hatujui kuongea. Uchukue, ulale juu yake, na usiache kazi. Wako wengine, wa watu wengine, wasiojua mama zao. Ukiulizwa ulifundishwa na nani, sema ulifundishwa na walimu wako, na kidogo na sisi.

Na ninyi wote. Mkifundisha watoto abtirsi, wafundisheni njia mbili. Baba zao wawataje, maana jina la baba ni ukuta. Na mama zao wawataje, wavulana na wasichana, kwa sauti ile ile, na mama wa mama, na mama wa baba, na kila mmoja aliishi vipi na alikufa na nini. Msione haya. Wasichana wetu wataolewa tu. Mwenye kukimbia ukweli huyo hakufaa kuwa mkwe. Na... na kila mwanamke wa nyumba hii, akiingia kuoga, ajipapase. Kama unavyopapasa kiwele cha mbuzi. Ni hivyo tu.

Lori limepiga honi. Inuka, hooyo. Usilie mkononi mwangu, nimeshatawadha. Chukua kanga yangu ya kijani, Nairobi kuna baridi.

Mungu akutangulie mbele... akufuate nyuma. Awaongoze mikono wale watakaokukata. Akurudishe. Awape nyote umri wa kutosha... na mvua ya kutosha... na amani katika nchi hii, mtoke ndani ya seng'enge hii mkatazame nyota bila kuuliza ruhusa. Dagane, radhi yangu iko nawe. Arbia, radhi yangu. Kanana... na wewe. Amin. Semeni amin.

Nenda sasa. Ukivuka mlango taja mama zako, kwa sauti, nikusikie unavyokwenda. Mimi ni Arbia... naam. Binti Nafiso. Naam, ndiye mimi. Binti Saado... binti Dahabo... Paza, hooyo... binti Ebla... Naam. Bado nakusikia. Na Dagane... naisikia sauti yake. Amesema ndugu.

Nani hapo mlangoni? Ni Hawo... Mtoto, wewe Saado mdogo, njoo... mwambie nyanya Hawo aingie. Maji yapo. Yako kwenye ndoo, mengi... Mpe kikombe kwanza. Anywe.